Barua ya Wazi kwa Waziri wa TAMISEMI

YAH: MAOMBI YA UPENDELEO WA KIBALI CHA UJENZI KWA MSONGE

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimesikia kwamba Chicago, huko Marekani, tangu miaka ya 2000 anayejenga jengo linalotunza mazingira hupewa upendeleo: akileta ramani yenye paa la majani au umeme wa jua, faili lake linaruka foleni. Nikafurahi, maana kwa vigezo hivyo sisi wa Biharamulo tulishafika zamani. Msonge una majani kuanzia kileleni hadi chini, udongo wake umechimbwa hapo hapo uani, kiyoyozi hauna, na ukichoka unarudi ardhini bila kudai jalala. Umoja wa Mataifa wenyewe, pamoja na ofisi zake za sola zilizofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011, haujafikia hapo.

Tatizo ni kwamba tumefundishwa kuita "nyumba bora" kitu kingine kabisa: tofali za kuchoma na bati. Pita huku kiangazi ulione tanuru. Tofali mbichi zimepangwa zikainuka kama kichuguu, zimekandikwa tope nje, na kwenye midomo ya chini yamesukumwa magogo mazima ambayo juzi juzi yalikuwa kivuli. Moto unakesha. Nyumba ikiisha, anakuja kiongozi kukata utepe, kisha anatuhutubia juu ya umuhimu wa kupanda miti.

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, ambao ni wa Serikali hii hii, umekuwa ukihimiza tofali za kufungamana: udongo, saruji kidogo, mashine ya kushindilia kwa mkono, basi. Hazijui moto. Lakini aliyezitumia na aliyemaliza msitu wanakaa benchi moja, wanasubiri kikao kimoja, na wote wawili wanaogopa rangi ile ile nyekundu ukutani: SIMAMISHA UJENZI, LETE KIBALI.

Ombi langu ni dogo. Mwenye msonge, au mwenye tofali zisizochomwa na tenki la kuvunia maji ya mvua, faili lake liwekwe juu ya mengine. Juu tu, Mheshimiwa, fedha sijaomba. Na kwamba faili linaweza kupanda juu tunajua, maana yapo yanayopanda kila siku kwa sababu nyingine.

Kuhusu unafuu wa kodi, huo tayari mnatoa, ingawa sidhani kama mlikusudia. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye mita ya umeme ya LUKU. Anayeishi kwa sola peke yake hana mita. Kudaiwa anadaiwa, kukatwa, hakatwi.

Naomba aya hiyo ya mwisho isifike Wizara ya Fedha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Biharamulo, Kagera