Karatasi Naisogezaje?

Vijana wanaotengeneza tovuti za kampuni wana kipande kimoja wanachokijua kwa moyo. Hukaa katikati ya ukurasa wa mbele, kwenye utepe wa rangi iliyokolea: namba nne kubwa, kila moja na kialama chake juu. Miaka ya Uzoefu. Miradi Iliyokamilika. Wateja Walioridhika. Ya nne hutegemea aliyeuza kiolezo, lakini mara nyingi ni Vikombe vya Kahawa Tulivyokunywa, kwa sababu violezo vingi hutoka nchi ambako ofisi ya kompyuta haiendi bila kahawa. Ndivyo kampuni ya kuchimba visima inavyojikuta imekunywa vikombe elfu tatu na ushei, ilhali ofisini kwao wanajua chai ya rangi na mihogo ya kukaanga.

Mgeni akisogeza ukurasa hadi hapo, namba zinaanza kukimbia. Sifuri, mia mbili, elfu moja, elfu nane, kisha zinapunguza mwendo na kusimama. Bosi aliyezoea kuona namba zimelala kwenye daftari la mahesabu hutabasamu, na hapo kijana anajua malipo ya awamu ya pili yanaingia.

Ila hakuna kinachohesabiwa. Namba ya mwisho ilijulikana kabla ya ile ya kwanza kuonekana. Kijana mwenyewe ndiye aliyeiandika kwenye msimbo, na pengine bosi alimtajia kwa kukisia huku anapokea simu nyingine. Skrini ya kawaida huchora picha mpya mara 60 kwa sekunde. Onyesho likichukua sekunde mbili, nafasi zilizopo ni 120 tu. Kwa hiyo wateja 12,500 hawapandi mmoja mmoja. Wanarukwa kwa mamia, na jicho linadanganyika kwamba limewaona wote. Wangehesabiwa kweli, mmoja kwa kila picha, mgeni angekaa dakika tatu na nusu hivi akisubiri wateja watimie, na katikati ya zoezi angeshahamia kwa mshindani.

Utamu wote uko kwenye breki. Namba ikipanda kwa mwendo mmoja hadi mwisho, ikisimama inagonga. Mwaka 2001 mtaalamu wa programu ya Flash aitwaye Robert Penner alisambaza fomula za kulainisha mwendo, na hadi leo fomula zile zimo ndani ya vifurushi vingi vya msimbo ambavyo vijana huvichukua bure. Mojawapo ya zinazopendwa huanza kwa kasi na kuishia taratibu, kama bajaji iliyoona tuta. Sehemu ya muda iliyobaki hupigwa kipeo cha tatu, jibu likatolewa kwenye moja. Nusu ya muda ikipita, namba imeshafika asilimia 87.5 ya safari yake, na nusu iliyobaki ni ya kujivuta.

Fomula hiyo ikitumika palipostahili, inapendeza. Vioja huanza kijana anapoona imependeza akaiweka kila mahali.

Chukua mwaka wa kuanzishwa kwa kampuni. Kampuni imeanza 2009, na kijana ameona aibu kuuacha mwaka umesimama peke yake wakati wenzake wanakimbia. Basi mwaka nao unaanzia sifuri. Kabla sekunde ya kwanza haijaisha kampuni imeshapishana na Vasco da Gama anayetia nanga Malindi mwaka 1498. Sekunde ikitimia iko 1758. Sekunde moja nukta nne, Tanganyika inapata uhuru. Kuanzia hapo breki zinashika, na miaka 48 iliyobaki inachukua zaidi ya robo ya onyesho zima. Mwisho kabisa, kwa kuwa kifurushi kimezoea kutenganisha maelfu, kampuni inatangaza kwa herufi nene kwamba ilianzishwa mwaka 2,009. Ukitazama vizuri utaiona koma hiyo kwenye tovuti nyingi, na hakuna anayeiondoa, maana aliyeiweka alishalipwa.

Kuna kingine kinachouma zaidi ya koma. Vifurushi vingi vinataka ukurasa uandikwe sifuri kwanza, halafu msimbo ndio uje kuijaza. Mtandao ukiwa mzito, ukurasa unafika na msimbo unachelewa. Mteja aliyeko kijijini na baa moja ya mtandao anafungua tovuti na kusoma maelezo yaliyonyooka kuliko matangazo yote aliyowahi kuona: Miaka ya Uzoefu 0, Miradi Iliyokamilika 0, Wateja Walioridhika 0.

Mkandarasi mmoja, mtu mzima wa makamo, alitaka kuambatisha ukurasa wa tovuti yake kwenye makabrasha ya zabuni. Katibu muhtasi alifungua, akabonyeza kuchapisha bila kushuka hadi kwenye ule utepe, na msimbo ulikuwa umeagizwa usubiri mpaka utepe uonekane kwenye skrini. Printa haina habari ya kusogeza ukurasa. Karatasi ikatoka jinsi ilivyotoka. Mzee akampigia aliyemtengenezea.

“Kijana wangu, mimi nina miaka sifuri ya uzoefu?”

“Shikamoo mzee. Hapana, namba zipo zote. Ukisogeza ukurasa kidogo tu zinapanda.”

“Marahaba. Sasa hii ninayo mkononi. Karatasi naisogezaje?”

Dawa yake haizidi mistari miwili: andika namba halisi kwenye ukurasa tangu mwanzo, halafu msimbo ukifika salama na utepe ukionekana, ndio uirudishe sifuri na kuipandisha. Usipofika, namba imo. Mzee alielezwa hivyo, akauliza swali la haki kabisa: kwa nini haikufanywa hivyo mara ya kwanza?

Kwenye pesa utani unapungua. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, salio lilikuja kwa ujumbe mfupi. Limeandikwa, limekwisha. Hakuna aliyewahi kuona ujumbe unaojiandika polepole kutoka sifuri ili kumfurahisha mwenye simu. Siku hizi programu za fedha zimejaa mapambo, na baadhi hulipandisha salio kila zinapofunguliwa. Tuseme una shilingi 48,500 na onyesho ni la sekunde mbili. Baada ya nusu sekunde skrini inaonyesha 28,039, na nusu sekunde ni muda tosha kwa mtu aliyewahi kukatwa makato asiyoyaelewa.

Kituo cha daladala, saa ya jioni, dada mmoja anafungua simu na kupaza sauti: “Wamenikata tena!” Abiria wa jirani anainama kutazama. “Dada, mbona mimi naona elfu arobaini na nane mia tano?” “Ndizo zilizokuwemo.” “Sasa wamekata nini?” Dada anaifunga programu, anaifungua tena ili ahakikishe, na salio linamtisha upya.

Namba zinazokimbia kwa haki zipo, na kila mtu anazijua. Pampu ya mafuta inakimbiza lita na shilingi kwa pamoja kwa sababu mafuta yanaingia tangini saa hiyo hiyo, na dereva anayekazia macho mita ana sababu. Mita ya umeme ya LUKU inashuka kwa kuwa pasi imechomekwa. Namba hizo zinabeba habari: kitu kinatokea sasa hivi, na kasi yake ni ileile unayoiona. Hata kwenye simu, salio likishuka kutoka 48,500 hadi 43,500 mbele ya macho yako baada ya kulipa, mwendo umekueleza kilichotokea. Likipanda kutoka sifuri kila asubuhi, limekueleza kwamba mbunifu alikuwa na muda wa ziada.

Na namba ya haki nayo huvuna aibu zake. Mwaka 1989 mfanyabiashara wa majengo Seymour Durst alitundika jijini New York ubao mkubwa unaoonyesha deni la taifa la Marekani likipanda. Mwaka 2000 deni likaanza kupungua, na ubao uliotundikwa kuwatia watu hofu ukawa unatangaza habari njema. Ukazimwa, ukaja kuwashwa tena mwaka 2002. Mwaka 2008 deni likapita dola trilioni 10 na tarakimu zikaisha nafasi. Ikabidi alama ya dola ipishe tarakimu ya 1. YouTube walijiandaa vizuri zaidi. Wimbo wa Psy, “Gangnam Style”, ulipokaribia kutazamwa mara 2,147,483,647, ambayo ndiyo namba kubwa kabisa iliyoweza kubebwa na kihesabio chao, walishakipanua, na mwaka 2014 wakafanya mzaha: ukipeleka kishale juu ya idadi hiyo, tarakimu zilizunguka kama zimepagawa.

Vijana wengi wanakomea kwenye uzuri wa macho. Wachache hukumbuka kuchagua fonti ambayo tarakimu zake zote zina upana mmoja. Bila hivyo, kila ile 1 nyembamba inapopita, namba nzima inatetemeka na neno “shilingi” pembeni linatetemeka nalo. Wachache zaidi hukumbuka kwamba simu zina mpangilio wa kupunguza miondoko, uliowekwa kwa ajili ya watu wanaopata kizunguzungu, na kwamba kivinjari kinaweza kuuambia msimbo uache mbwembwe na kutoa namba moja kwa moja.

Wasioona ndio husahauliwa kabisa. Simu zao husoma skrini kwa sauti, na sehemu ya ukurasa ikiwekewa agizo la kutangaza kila badiliko, hutangaza kila badiliko. Kijana mmoja aliyepanga chumba cha uani aliliweka agizo hilo kwenye namba zake kwa nia njema, akawasha msomaji wa skrini, akapandisha sauti hadi mwisho ili asikie vizuri. Simu ikaanza: “Sifuri. Mia nne na— elfu moja mia— elfu tatu na— elfu sita mia tisa—” Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akianua nguo, akasogea dirishani kuuliza ni kitu gani kinapigwa mnada humo ndani, na kama ni friji, yeye anaongeza mia mbili.