Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Wagawaji wa Kadi za Mwaliko

Waheshimiwa Mabwana na Mabibi wa Kamati,

Baada ya salamu nyingi zenye taadhima, na baada ya kuwaombea afya njema, viti laini na kivuli kisichohama, mimi mwalimu mstaafu wa nchi ya majani chai, mkazi wa vilima vilivyo baina ya Kericho na Bomet, nathubutu kuinua kalamu yangu hafifu niwashukuru kwa barua yenu ya mwaka huu, ambayo kwa kudura ya Mola imefanana neno kwa neno na ile ya mwaka jana, nayo ya mwaka jana ilifanana na ya mwaka juzi, hata nimeanza kusadiki kwamba mnayo mashine iizaayo bila ya kuusumbua mkono wa binadamu. Mimi niliuliza ni kwa kipimo gani wachezaji wa nyumbani hupewa waildikadi, yaani kadi za mwaliko za kuingia mashindano yenu ya tenisi bila ya kufuzu, na kama kipimo hicho chaweza kuletwa huku ili wanafunzi wangu nao wasimame mbele yake. Ninyi mkajibu kwamba nafasi zimekwisha kugawiwa, kwamba mwaithamini mno ari ya vijana wa mashambani, na kwamba mtafurahi ajabu kama nitawaleta waje kuokota mipira.

Nawashukuru kwa kutukumbuka. Mama zao vijana hao huchuma majani tangu umande haujakauka. Baba zao hubeba magunia. Na miongoni mwa babu zao wamo waliookota mipira ya mabwana katika viwanja vya vilabu vya mameneja, wakati ambapo mtu mweusi aliruhusiwa kuigusa raketi kwa ajili ya kuifuta tu. Basi mnapowaita wajukuu waje kuinama, hamwaiti kwenye jambo geni: mnawaita kwenye urithi.

Wala msinidhanie kuwa mimi ni adui wa kadi ya mwaliko. Najua kwamba ni ada halali ya mchezo huu, na kwamba penye halaiki ya wachezaji 128 wa Wimbledon, kwa wanaume na kwa wanawake, nafasi nane huachwa wazi kwa hisani ya wenyeji, na Waingereza hawaoni haya kuwajaza watoto wao humo. Najua pia kwamba mwaka 2001 hisani hiyo ilimwangukia Goran Ivanisevic wa Kroatia, mtu aliyekwisha kushindwa fainali tatu katika uwanja huohuo na aliyekuwa ameporomoka hadi nafasi ya 125 duniani, naye akalitwaa kombe. Na kwamba mwaka 2009 Kim Clijsters wa Ubelgiji, akirejea mchezoni baada ya kujifungua, aliingia mashindano ya Marekani kwa kadi na akatoka na taji. Kadi iliyotolewa kwa maarifa huweza kuzaa ajabu. Tena Marekani wameweka mbio za kukusanya alama ili apatikane wa kupewa kadi ya mashindano ya Ufaransa, na Waaustralia wamekuwa na desturi ya kuwapambanisha wenyewe kwa wenyewe kabla ya mashindano yao, ashindaye akapewa. Upendeleo umo humo, sikatai. Lakini ni upendeleo ulioandikwa, na mwenye kukosa ajua alikosa wapi.

Wala sina kijicho na wale wanaostahiki. Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake na aliyetwaa taji la wasichana wawili wawili huko Wimbledon mwaka 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akawa Mkenya wa kwanza kupata taji la vijana katika mashindano makuu ya dunia, kisha akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra mwaka 2024: huyo akitaka kadi, mpeni, na mkimpa mbili hapana mtu wa Kericho atakayenung'unika. Nizungumziayo ni ile kadi ya mwisho, ile ibakiayo baada ya majina yasiyo na ubishi kwisha. Kadi yatima ambayo usiku wa kuamkia mashindano hupata baba ghafla, na kesho yake twasoma kwamba imekwenda kwa kijana ambaye sifa yake tuijuayo ni kwamba nyumba yao haiko mbali na kiwanja.

Huku kwetu, waheshimiwa, kadi ya mwaliko twaijua kwa sura nyingine. Katika riadha hupewa bingwa wa dunia anayeshikilia taji, ili aingie bila ya kuila nafasi ya mwenzake wa nchi moja; yaani hupewa aliyeshinda, kwa sababu ameshinda. Kaunti yetu ya Kericho ndiyo iliyomzaa Wilson Kiprugut Chumo, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 1964, na ndiyo iliyomzaa Beatrice Chebet, aliyechukua dhahabu mbili Paris mwaka 2024 na mbili nyingine za dunia Tokyo mwaka 2025. Saa haikumwuliza yeyote kati yao ni mwanachama wa klabu gani. Hapana shaka ndiyo maana watoto wetu wengi hukimbia: mbio ndizo mchezo ambao kamati haijapata njia ya kusimama mbele yake na kufunga mlango.

Lakini sikuja kulaumu, nimekuja kuomba. Na kwa kuwa imedhihirika kwamba kutangaza kipimo ni kazi nzito inayozishinda nguvu zenu, nawaletea kipimo chetu, kilichokwisha kujaribiwa juu ya mamilioni ya kilo bila ya kamati kuketi hata mara moja. Naomba wachezaji wa nyumbani wapimwe kama majani chai.

Siku ya kwanza, wote wanaotaka kadi, wa mjini na wa shamba, wafike alfajiri kwenye kituo cha kununulia majani, tuseme Litein au Mogogosiek, wasimame foleni pamoja na wakulima, na kila mmoja atandazwe juu ya meza ya ukaguzi, ambapo karani atamgeuza huku na huku akitafuta majani mawili na chipukizi: jani la kwanza ni pigo la mkono wa mbele, jani la pili ni pigo la mkono wa nyuma, na chipukizi ni ule ujana ambao bado una la kutuonyesha. Jani lililokomaa, yaani mchezaji ambaye kila mwaka hupewa kadi na kila mwaka hutolewa katika mzunguko wa kwanza, litupwe kando bila ya matusi. Shina gumu, yaani mjomba aliye kamatini, likatwe palepale.

Kisha apandishwe mizani. Na kama vile mkulima akatwavyo kilo za gunia na za unyevu, naye akatwe uzito wa jina la klabu yake, uzito wa gari lililomleta, na uzito wa ukoo. Kitakachobaki juu ya mizani ndicho mchezaji, kiandikwe katika risiti.

Kutoka hapo aende kiwandani. Chai kwanza hunyaushwa, na kwa jambo hili sitaki kuwatia gharama: mpakieni katika matatu ya usiku kutoka Bomet hadi Nairobi, magoti yakigusana na kidevu, na kulipopambazuka atashuka amenyauka kwa kiwango kinachotakiwa. Pili husagwa: acheze seti tatu mara tu ashukapo, kama wachezavyo watoto wetu. Tatu huchachushwa: aketishwe juu ya benchi asubuhi nzima akisubiri kuambiwa kama jina lake limo katika orodha, na ikiwa atabadilika rangi, hiyo ni dalili njema, maana ndivyo ibadilikavyo chai. Nne hukaushwa kwa moto, na jua la saa saba juu ya kiwanja cha saruji latosha. Tano huchekechwa, na chekecheke, waheshimiwa, ni chombo chenye insafu ya ajabu: hakiulizi punje imetoka shamba la nani, chauliza ukubwa wake tu. Atakayekuwa wa daraja la BP1 ataitwa BP1, wa PF1 ataitwa PF1, na aliye vumbi ataitwa vumbi, hata kama baba yake ndiye mfadhili.

Mwisho wachukuliwe Mombasa, kwenye mnada uuzao chai ya Kenya na ya majirani zetu, waketishwe mbele ya waonjaji, watu ambao huvuta chai kwa kelele na kuitema bila ya kuona haya, wala hawamezi kitu kwa kuogopa kumwudhi mwenyeji. Mnadi agonge nyundo, na kadi iwe yake aliyepata bei. Na ili mfumo ukamilike kwa desturi zetu zote, mshindi wa upande huu alipwe bonasi mwezi wa Oktoba, iliyo ndogo kuliko ya mwenzake wa mashariki ya Bonde la Ufa, bila ya maelezo ya kueleweka. Hilo twalizoea.

Nina maombi mengine madogo. Kwa kuwa mashine za kuchuma chai zimekwisha kuingia katika mashamba makubwa zikachukua kazi ya mama za wanafunzi wangu, tafadhalini nunueni na mashine ya kuokota mipira. Kwa kuwa Kericho inatajika katika elimu ya hali ya hewa kwa mvua yake ya mawe, mawe hayo yahesabiwe kuwa mazoezi ya kupokea mpira wa kuanzia. Na barua ya mwakani, mkipenda, iandikwe tarehe ya mwakani.

Mtasema mzee huyu anafanya mzaha. Nafanya mzaha kwa sababu ghadhabu niliyo nayo haistahimiliwi na karatasi. Mmepata kumtazama uso mtoto aliyejifunza mchezo kwa raketi ya kuazima, juu ya kiwanja chenye nyufa, kwa mpira uliopoteza manyoya yake yote, siku asomewapo barua inayosema kwamba ustadi wake wafaa kumwokotea mwingine? Hakulia. Aliuliza kama watapewa fulana. Hilo ndilo mlilolifanya: mmemfundisha mtoto kushukuru kwa kutukanwa, na mkaliita jambo hilo kukuza vipaji mashinani. Hamna haki ya neno hilo, wala ya fulana zenu, na watoto wangu hawaji.

Kalamu imekimbia mbele ya adabu. Nairudisha nyuma, waheshimiwa, na narejea katika unyenyekevu unaonipasa. Nitasema sasa wazi rai yangu juu ya nani anastahiki, ili msije mkasema nimekejeli nikaondoka. Kadi ya kwanza iwe ya Mkenya aliye juu kuliko wote katika orodha ya ubora wa dunia miongoni mwa waliokosa kuingia moja kwa moja; si hisani hiyo, ni deni. Ya pili iwe ya bingwa wa taifa, la sivyo ubingwa wa taifa ni sahani tupu. Ya tatu iwe ya kijana chini ya miaka 18, hata akifungwa sita bila na sita bila, kwa kuwa kufungwa na walio bora ndiko shule ambayo hatuwezi kumjengea hapa. Na ya nne, ile yatima, ishindaniwe hadharani, wiki moja kabla, na kila kaunti iruhusiwe kuleta mchezaji. Tarehe itangazwe mapema kiasi cha mzazi kukopa nauli. Mkongwe aliyelitumikia taifa apewe heshima, apewe hotuba, apewe kiti cha mbele. Kadi asipewe ila akiishinda.

Kazi yote hiyo haihitaji fedha za wafadhili. Yahitaji ukurasa mmoja wa karatasi, uliobandikwa ukutani kabla ya majina kujulikana.

Nanyi wazazi na walimu wenzangu mnaoisoma barua hii, wa tenisi na wa michezo mingine, wa mlimani na wa pwani, nawasihi jambo moja: mwaka huu msiulize ni nani amepewa. Ulizeni kwa kipimo gani, ulizeni kwa maandishi, na kabla ya siku ya kugawa. Kadi itolewayo bila ya kipimo kilichotangazwa si mwaliko. Ni mali ya umma iliyopewa jamaa.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu, nchi ya majani chai