Kuusifu Mstari wa Logi

Ni dhuluma kubwa kwamba mstari wa logi, ule ambao mwandishi wa draiva huupenyeza kwa haraka katikati ya programu yake ili chombo kimwambie kimefika wapi, mpaka leo haujapata wa kuuenzi, bali hulaumiwa usiku na mchana na walewale waliouchomeka kwa mikono yao.

Natuchukue mfano wa Sale, wilayani Ngorongoro, ambako Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Wabatemi, hunywesha mashamba yao kwa mifereji, na wazee waitwao wenamiji ndio wasimamiao zamu za maji. Tuseme kijana mmoja wa huko ametaka kupima joto la maji ya mfereji kwa kihisi cha DS18B20, kidude kidogo kizungumzacho kwa waya mmoja, nacho katika mambo ya zamu ni kikali kuwashinda wenamiji wote: draiva ikishaushusha waya, sharti isome jibu kabla ya maikrosekunde 15 kupita. Kijana, kwa shauku ya kujua, anaitia logi baina ya kushusha na kusoma, tena logi ingojayo mpaka herufi zake zitoke. Kwa mwendo wa biti 115,200 kwa sekunde, herufi moja hula takriban maikrosekunde 87. Kwa biti 9,600, hula zaidi ya 1,000. Logi ikimaliza kutamka, waya umekwisha kurejea juu zamani, kila biti inasomeka 1, na hesabu inatoa nyuzi -0.0625. Nani mwingine, kwa herufi chache tu, aliyewahi kuleta barafu Sale saa saba ya mchana?

Walakini fadhila yake kuu ni uganga. Kihisi hicho, kikiamriwa kupima kwa biti 12, huhitaji hadi milisekunde 750. Kijana amesahau kungoja; ila baada ya amri amemwaga logi ya herufi 800 kwa mwendo wa 9,600, na kule kujikokota kwake kumekipa kihisi nafasi ya kumaliza kazi kwa raha zake. Usomaji ni sahihi, kijana anajipongeza, anaifuta logi asiyoihitaji tena, anakiwasha chombo upya, na maji ya mfereji sasa yana nyuzi 85, thamani ambayo kihisi huamka nayo kila kipatapo umeme. Akiirudisha logi, maji yanapoa. Tabibu gani huyo, aponyaye ugonjwa kwa kuchelewa tu!

Hata sayari ya Mirihi inaitolea logi ushahidi. Mwaka 1997 chombo cha anga cha Pathfinder kilijizima na kujiwasha huko, kwa kuwa kazi yake kubwa iliingojea kazi ndogo iliyoshika kufuli; wahandisi wake walikigundua kisa hicho kwa kuwasha ufuatiliaji, ndugu wa logi, kwenye nakala ya chombo iliyokuwa hapa duniani.

Wako mahasidi wanaonasihi kwamba mtu aandike matukio kwenye kumbukumbu kwanza, ayachapishe baadaye. Au ainue pini moja, jambo la maikrosekunde chache, aitazame kwa oskiloskopu. Sawa, ila oskiloskopu ni ghali, na pini, kwa wepesi wake wote, haijui kuandika “nimefika hapa”, wala “nimefika hapa 2”.