Lala Salama, Kipa Wetu

Sifa za soka huwaendea wafungaji. Wao ndio wanaotungiwa nyimbo, wanaobebwa mabegani, ambao watoto hupewa majina yao. Sina ugomvi nao. Lakini yuko fundi mmoja aliyeonewa miaka nenda rudi, na leo nataka nimtendee haki: kipa ambaye timu yake inaongoza 1-0, dakika ya 83, anadaka krosi nyepesi isiyo na wa kuigombea, anapiga magoti taratibu, analala kifudifudi na mpira tumboni, kisha anatulia tuli.

Mtazame vizuri, maana wengi humzomea bila kumtazama. Mkono mmoja unanyanyuka kumwita daktari. Mkono huohuo unashuka kushika goti. Daktari akichelewa, utakuta maumivu yameshahamia nyonga, na hapo usicheke, kwani ugonjwa unaosafiri ni mgumu kuutibu. Daktari wa timu naye anaingia na begi lake kwa mwendo wa bwana harusi. Anamwagia maji, anapulizia dawa, anaukunja mguu, anaukunjua, anaukunja tena. Kipa anauma meno. Refa anatazama saa yake, na kipa, kwa jicho lililo upande wa nyasi, anamtazama refa.

Asiyejua hudhani ni bahati mbaya tu kwamba dakika za lala salama huwaangusha makipa kuliko mabeki. Sheria ndiyo iliyowachagua. Mchezaji wa ndani akitibiwa uwanjani, kwa kawaida hutakiwa kutoka nje na kusubiri refa amruhusu arudi, na muda wote huo timu yake inacheza pungufu. Kipa amesamehewa, kwa kuwa lango haliwezi kuachwa tupu. Basi anaumwa kwa niaba ya wenzake kumi. Nao wanalijua hilo, ndiyo maana hawamkimbilii mgonjwa: wanakimbilia benchi, wanakunywa maji, na kocha anawapanga upya kwa mikono na makelele. Mpira wa kikapu una mapumziko ya kuomba yaliyoandikwa kanunini. Soka haikuwa nayo; kipa ameyaleta bila kuitisha kikao hata kimoja.

Watunga sheria wamejaribu kumbana. Kwa miaka mingi alipewa sekunde 6 tu za kushika mpira mikononi, na akizidisha adhabu ilikuwa faulo ndani ya boksi lake. Ilikuwa nzito mno, marefa wakaona haya kuitoa, kipa akaendelea kuubembeleza mpira. Mwaka 2025 wakaja na nyingine: sekunde 8, refa ananyoosha mkono juu na kuhesabu tano za mwisho kwa vidole, zikiisha wapinzani wanapewa kona. Ni sheria nzuri. Ila inamhesabia mzima aliyeshika mpira. Anayeugua hahesabiwi vidole.

Fani hii ina wahadhiri wake. Juni 2002, mjini Ulsan, Korea Kusini, Brazil walikuwa wakiongoza Uturuki 2-1 dakika za mwisho kabisa. Rivaldo wa Brazil alisubiri mpira ili apige kona, Hakan Ünsal wa Uturuki akaupiga kwa hasira kumwelekea. Ukamgonga mguuni. Rivaldo akaanguka ameshika uso. Ünsal akalimwa kadi ya pili ya njano na kutolewa nje. Rivaldo alitozwa faini ya faranga za Uswisi 11,500, hakufungiwa hata mechi moja, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amebeba Kombe la Dunia. Nitajieni uwekezaji mwingine wenye faida ya namna hiyo.

Ina pia waliopotoka kwa kuzidisha bidii. Tarehe 3 Septemba 1989, Chile walikuwa nyuma 1-0 mbele ya Brazil pale Maracanã katika kuwania tiketi ya Kombe la Dunia. Fataki ikarushwa kutoka jukwaani, ikatua karibu na kipa wao, Roberto Rojas. Rojas akaanguka, uso umetapakaa damu. Wenzake wakambeba nje na wakagoma kurudi. Damu ilikuwa ya kweli. Picha zikaonyesha fataki haikumgusa. Ikaja kubainika kwamba alijikata mwenyewe kwa wembe aliouficha ndani ya glovu. Rojas akafungiwa maisha, kifungo kilichoondolewa mwaka 2001, na Chile wakazuiwa kuwania Kombe la Dunia la 1994. Mimi namlaumu kwa jambo moja tu la kiufundi: alitumia jeraha. Fani hii inataka maumivu matupu. Jeraha ni ushahidi.

Wapo wanaoumia kweli, na kuwatambua si kazi. Kule Qatar, Novemba 2022, kipa wa Iran, Alireza Beiranvand, aligongana vibaya na mchezaji mwenzake mwanzoni mwa mechi na England. Akatibiwa kwa muda mrefu, akasimama, akataka kuendelea, akaendelea kwa muda mfupi kabla ya kulala tena na kutolewa kwa machela. Kipindi hicho kiliongezwa dakika 14. Mnaona? Aliyeumia kweli alihangaika kuinuka.

Wa kwetu haharakishi. Ila ana tiba moja isiyomshinda kamwe, ambayo madaktari bingwa wangeijua wangefunga nusu ya wodi zao: bao la kusawazisha. Wapinzani wakichomoa, goti linapona, nyonga inapona, na mgonjwa anakwenda mwenyewe mbio kuutoa mpira wavuni ili ukawekwe kati upesi. Halafu anamfokea muokota mipira kwa uvivu.

Nenda kibanda umiza chochote mechi ikiwa kali. Kuna mzee mmoja wa mstari wa mbele, jezi imepauka mabegani, kofia magotini. Kipa wa wageni akilala, anasimama na kumziba kila mtu nyuma yake: "Huyo mwizi! Refa, mpe kadi, mpe mbili!" Wiki inayofuata ni kipa wake aliyelala, dakika ileile, goti lilelile. Mzee ameketi, sauti imekuwa ya mlezi: "Mwacheni apumue, jamani. Uwanja wenyewe una mashimo." Hakuna anayemcheka, kwa kuwa kibanda kizima kimeshakubaliana kuhusu mashimo hayo. Huwa sijui wanaochukizwa na mchezo huu wanaishi wapi. Wote niliowaona walikuwa wamefungwa.

Kwa hiyo naleta ombi kwa waendesha ligi. Acheni kumwandama kipa kwa kadi na saa. Mwekeeni godoro jembamba pembeni mwa mlingoti, na mto, awe analala kwa heshima inayolingana na utumishi wake. Godoro likiwa gharama, mkeka unatosha. Mradi uondolewe haraka siku timu yangu iko nyuma.