Ditekta za kusakia sarafu Unguja, kutoka ya ovyo hadi ya kwanza

Ukuta wowote ukibomolewa Mji Mkongwe, hakosi mtu wa kudai bibi yake alizika reale za fedha pale. Haya, tukubali zipo. Utazipata kwa mashine gani? Tuanze na ya mkiani.

5. Ya kuchezea watoto. Huona kizibo cha soda na saa yako mwenyewe. Basi.

4. Ya masafa mamoja, sahani kubwa. Kwenda chini inakwenda, ila mahali hasa haijui. Lundo litaifaa: Kajengwa, Makunduchi, sarafu za Kichina zilipatikana kwa pamoja mwaka 1945. Lakini zile za fedha za Mtambwe Mkuu, Pemba, zilizochimbuliwa 1984, zaidi ya 2,000, ni vijisarafu visivyojaa hata ukucha wa kidole gumba. Kimoja kikiwa peke yake, sahani kubwa hukiruka. Kiponda, humo Mji Mkongwe, ndiyo usiipeleke kabisa: misumari, mabati, nyaya, italia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

3. Ya mapigo. Jambiani, maji yakitoka, mchanga mbichi wa chumvi hupitisha umeme na kuzivuruga mashine nyingi. Hii haijali, inazama tu. Ubaya wake, msumari na reale kwake ni mtu na nduguye. Utachimba mpaka maji yajae.

2. Ya masafa mengi, sahani ndogo. Chumvi inaistahamili, chuma na fedha inazitenganisha. Ipitishe kwa urefu, kisha kwa upana. Sauti zinapokatana, hapo ndipo. Pesa ya Seyyid Barghash, ile ya shaba yenye mizani ya mwaka 1299 Hijria, utaisikia vizuri. Reale ya Maria Theresa ndiyo usiseme: gramu 28, upana karibu sentimita 4. Mwaka wake usikubabaishe, karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa miaka mia baadaye.

1. Kijiti cha mkononi. Cheka! Kina chake sentimita chache tu. Lakini sarafu iliyoshika kutu na udongo ni rangi moja, na jicho halina msaada. Ukitie shimoni, kitatetemeka mpaka uiguse sarafu yenyewe. Shimo linabaki dogo, na ukuta wa watu unabaki umesimama. Ng'ambo tafuta kina ukipenda. Ndani ya Mji Mkongwe, anayejua mahali hasa ndiye mshindi.

Ila mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2000, na vitu vya kale vina sheria yake. Pita kwanza Idara ya Mambo ya Kale uombe kibali, ndugu yangu, jembe baadaye.