Mhadhara wa Mwaka Mpya wa Bingwa wa Nafsi

Mabibi na mabwana, zimeni simu, na yule anayetafuna korosho kule nyuma aelewe kwamba anazikatiza fikra zangu. Mbele yenu amesimama Daktari-Profesa-Mhandisi wa Nafsi. Nani alinitunuku? Nilijitunuku mwenyewe, baada ya usaili mkali niliojifanyia mbele ya kioo. Nilifaulu kwa taabu, ndipo mjue kiwango hakikushushwa.

Mada yetu ni malengo ya mwaka mpya kwa afya ya akili. Januari ndiyo hii: ada ya shule imekuja imeongozana na sare na madaftari, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na pilau ya sikukuu imebaki picha kwenye simu. Huu basi ndio wakati mwafaka wa kuitwisha akili mzigo mwingine. Mimi mwaka huu nimejaza daftari zima. Kuamka saa kumi alfajiri. Kukimbia kutoka Ubungo hadi Bagamoyo. Kuwasamehe mahasidi wangu wote kabla ya chai. Kuacha sukari, kuacha hasira, na kuwa mtulivu kwa lazima. Nikichelewa kutulia najikaripia kwa sauti, mpaka majirani wanagonga mlango.

Mtauliza, tabia mpya hukomaa kwa muda gani? Siku 21! Msibishe, hii ni sayansi. Maxwell Maltz, mpasuaji wa Marekani aliyekuwa akitengeneza sura za watu, aliandika kitabu mwaka 1960, akasema wagonjwa wake huchukua walau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Sasa kama mtu anaizoea pua kwa siku 21, atashindwaje kumzoea wifi yake?

Ndiyo, kijana mwenye miwani. Unasomea uuguzi? Hongera. Unasemaje? Eti watafiti wa London, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliwafuatilia watu wanaojenga tabia mpya, wakakuta wastani ni siku 66? Wengine 18, wengine makadirio yakafika 254? Na kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu? Mdogo wangu, takwimu ni kama wageni wa harusi: ukiwafungulia mlango wote, mwenye shughuli utalala jikoni. Na hilo la kuruka siku lisisikike tena humu ndani. Watu wakijua wanaweza kuteleza Jumanne wakaendelea Jumatano, nani atarudi kwangu kulipia kuanza upya?

Mama yangu wa chapati, nakuona umenyoosha mkono. Tusomee lengo lako. Kila jioni, ukishaosha sufuria la mwisho, ukae barazani na shoga yako dakika kumi, umweleze lililokukera siku hiyo. Halafu? Basi? Mama, hilo si lengo, hiyo ni jioni! Liko wapi jasho? Wapi Bagamoyo?

Kijana, keti. Haya, sema. Eti mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, Mjerumani, mwaka 1999 aliandika kwamba mpango mdogo unaosema "likitokea hili, nitafanya lile" humsaidia mtu kutekeleza kuliko nia tupu. Kwa hiyo sufuria la mama ni saikolojia? Hata sijui kwa nini kiingilio chako kilipokelewa.

Na wewe bibi wa kanga ya njano, usinitajie Zimbabwe. Habari zao ninazo. Tangu 2006, Daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha mabibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi anasikiliza, mgeni anayataja matatizo yake, wanachagua moja tu, wanapanga hatua ya kulikabili. Moja! Utafiti wao ukachapishwa 2016, ukaonyesha waliokaa kwenye benchi walipungukiwa na dalili za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi, bila slaidi, bila kipaza sauti, bila hata tai! Taaluma imevamiwa.

Swali la mwisho. Mtu ambaye wiki mbili sasa halali, hali, na hakuna linalomfurahisha, ajiwekee lengo gani? Lengo gani tena? Huyo mpelekeni hospitali, na mmoja wenu amsindikize asiende peke yake! Mimi nashughulika na wazima wenye fedha taslimu.

Nahitimisha. Awamu ya pili ya mhadhara ni Jumamosi, shilingi elfu hamsini kwa kichwa, wanandoa hawapunguziwi. Risiti hatutoi, kwa kuwa makaratasi huleta msongo wa mawazo. Na jamani, mbona wote mmemzunguka mama wa chapati? Rudini vitini, sijamaliza kujipongeza!