Adabu za Mbangi Uliochanua

Hadhirina watukufu, mabibi na mabwana mlioikabili baridi ya Toronto ili mje kuchota katika bahari ya ilimu yangu, hongereni kwa busara yenu. Mimi, ambaye sina shahada ya chuo chochote kwa kuwa hakijatokea chuo chenye uwezo wa kunitahini, nimeazimia leo kukufunulieni siri za kuutunza mbangi uliopandwa uani, katika majuma yale ya hatari baina ya kuchanua kwake na kuvunwa kwake.

Sheria kwanza, kama udhu kabla ya sala. Nchini Kanada bangi ni halali kwa watu wazima tangu tarehe 17 Oktoba 2018, na katika jimbo hili la Ontario kila nyumba imeruhusiwa miche minne. Kila nyumba, nasema, wala si kila kichwa, kama alivyodhani sahibu yangu mmoja mwenye wana watano wenye ndevu. Ruhusa hiyo haivuki bahari. Atakayeinukuu mbele ya hakimu wa Tanga au wa Mombasa asinitaje kuwa shahidi wake.

Mbangi hauchanui kwa kubembelezwa wala kwa samadi, bali kwa kurefuka kwa usiku. Wamarekani wawili, Garner na Allard, walieleza mwaka 1920 jinsi tumbaku na mimea mingine inavyopima mchana na usiku, nami nalifika kwenye rai iyo hiyo kwa akili yangu tupu, miaka 99 baadaye. Basi ifikapo Agosti giza la mmea lihifadhiwe, kwani taa ikiumulika usiku kucha huchelewa kuchanua, na pengine jike huota maua ya kiume. Jirani yangu, mzee wa Kireno mwenye taa barazani, nilimwandikia waraka wa kurasa sita. Akaizima kabla hajaumaliza ukurasa wa kwanza.

Nimetaja jike, kwa maana mbangi, kama mpapai, una dume na jike. Jike hutoa katika vifundo vyake nyuzi nyeupe mbili mbili, na dume hufunga vifuko vidogo vya chavua, naye yapasa ang'olewe kabla havijapasuka, la sivyo jike huacha kunenepesha maua akashughulika na mbegu. Mwaka wangu wa kwanza nilimlea dume mmoja kwa taadhima ambayo wanangu hawajaionja, nikimsifu kimo mbele ya wageni, mpaka yule Mreno aliponiambia, kwa sauti ya chini ya mtu anayetoa tanzia, ni nini hasa nilichokuwa nikikisifu.

Maji yatiwe shinani, asubuhi, naitrojeni ipunguzwe, matawi yaliyolemewa yaegemezwe vijiti. Hayo hata mtoto ayajua.

Lakini kuvu ya kijivu, ambayo wataalamu wenzangu huiita *Botrytis cinerea*, hiyo ndiyo adui. Huja na mvua na umande wa Septemba, na huanzia ndani, katika kiini cha shada lililonona na kushikamana, hata mwenye mali akawa anajivunia uzuri wa nje ilhali ndani mnaoza. Dalili yake ni jani moja dogo linalonyauka peke yake kati ya wenziwe wazima. Ulivutapo huchomoka bila ubishi. Hapo pakatwe, pamoja na sehemu iliyo nzima chini yake, na mkasi upanguswe kwa spiriti. Usinyunyizie maua dawa, wala usikiweke kilichoota ukungu kwa tamaa, kwani mapafu si jalala. Mvua ikikatika, tikisa matawi matone yaanguke.

Ama kuiva, hutazamwa kwa kioo cha kukuzia: vinyweleo vya utomvu huwa kwanza angavu kama bilauri, kisha huwa na weupe wa maziwa, kisha rangi ya kaharabu. Msimu uliopita vyangu vilikuwa vyeupe, na kaharabu imeanza kuchungulia, pale Mreno alipoegemea ua akasema, "Mvua ya siku tatu inakuja. Kata leo." Nikamjibu kwa mhadhara wa dakika 45 juu ya daraja za kaharabu, nikamthibitishia kwa hoja sita kwamba mwanachuoni hafuati mawingu, naye akasikiliza kwa adabu huku akinoa mkasi wake. Ikanyesha siku nne. Nilipokwisha kutenga vilivyooza nilibaki na kiasi cha kujaza kibweta cha kiberiti, natija ambayo, ikipimwa kwa mizani ya nadharia na si ya jikoni, naihesabu kuwa ushindi.

Maswali sasa yanakaribishwa. Yule mzee wa safu ya nyuma, mwenye koti la kijivu, aliyevuna miche yake yote minne, namwomba ashushe mkono.